MSIZIBE PUMZI YA INJINI KUUKUU, WALA MSIMKATE FUNDI MSHAHARA



Kuna desturi mbaya imeingia katika magereji, nasi twaona yafaa isemwe wazi katika ukurasa huu. Motokaa ya zamani huletwa kwa kuvuja oili. Yaweza kuwa Morris Minor, Land Rover ya Series, MGB, au Volkswagen ya mgongo wa kobe. Mwenye gari asema, "Nataka injini kavu." Meneja aandika kadi: "Zuia mvujo wa nyuma." Fundi ateremsha gia boksi, atoa klachi na flaiwili, atia sili na gasketi mpya, arudisha kila kitu mahali pake na kufuta chuma mpaka king'ae. Baada ya wiki mbili gari limerudi, na oili iko pale pale. Mwenye gari apiga kelele, meneja aona haya, na mwisho wa mwezi saa zile za kurudia kazi zatolewa katika mshahara wa fundi, ati kazi yake ilikuwa mbovu.

Maoni yetu ni haya. Mara nyingi kosa haliko katika sili, wala haliko katika mkono wa fundi. Kosa liko katika pumzi ya injini. Injini iliyozibwa pumzi, au iliyochakaa hata ikazidiwa na moshi wa ndani, itamwaga oili hata ukiitia sili za dhahabu. Kwa hiyo twataka mambo mawili. La kwanza, injini kuukuu isifunguliwe kwa sababu ya mvujo kabla pumzi yake haijapimwa na kipimo hakijaandikwa katika kadi. La pili, fundi asikatwe hata senti moja kwa mvujo ambao chanzo chake hakikupimwa.

MOSHI WA TUMBONI

Wazee wa kazi watuvumilie kidogo tuwaeleze vijana walioingia juzi. Petroli inapowaka juu ya pistoni, na gari linapanda mlima mguu ukiwa chini, nguvu ya moto ule yaweza kufika mara thelathini hadi hamsini ya nguvu ya hewa ya kawaida. Ringi za pistoni ndizo zinazozuia, lakini hakuna ringi inayozuia yote. Kila ringi ina mwanya pale ncha zake mbili zinapokaribiana, na ina nafasi ndogo ndani ya mfereji wake. Hata injini mpya hupitisha kidogo. Kinachopenya hushuka katika tumbo la injini, yaani pale kranki inapozunguka juu ya sampu. Ndani yake mna petroli isiyoungua, moshi, hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, mvuke wa maji, na ukungu wa oili. Huo tutauita moshi wa tumboni.

Moshi huo hapana budi utoke. Ukinyimwa mlango, utajitengenezea mlango. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme nguvu ya tumboni imepanda kwa kiasi cha sentimeta kumi tu za maji, jambo ambalo hata geji ya kawaida ya matairi haiwezi kuonyesha. Chukua sampu yenye urefu wa sentimeta hamsini na upana wa ishirini. Sampu hiyo yasukumwa kwa uzito wa kilo kumi, mchana kutwa, na gasketi yake yatakiwa ihimili. Oili iliyo moto na nyepesi ikipata nguvu hiyo nyuma yake, itapita penye ufa wowote: kwenye gasketi ya kifuniko cha tapeti, mbele kwenye puli, na zaidi nyuma karibu na klachi.

Tena kuna maji. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji kwa namna ya mvuke. Mengi hutoka kwa ekzosi, lakini sehemu hushuka tumboni pamoja na moshi. Gari la zamani ambalo hutolewa Jumapili tu, likaendeshwa maili tatu asubuhi ya baridi ya mwezi wa Julai na kurudishwa ndani, halipati moto wa kutosha kukausha maji hayo. Ndipo mnapofungua kifuniko cha kutilia oili mkakuta utando mweupe kama malai ya maziwa. Msikimbilie kusema gasketi ya kichwa imekufa. Tazameni kwanza kama injini inapumua.

JINSI INJINI ZA KALE ZINAVYOPUMUA

Waliounda injini hizi walijua habari hii tangu zamani, nao waliweka njia. Shida yetu ni kwamba wengi wetu tulifunzwa kwa injini za Kijapani za siku hizi, na njia za kale hatuzitambui tunapoziona. Twaziita takataka, twazitupa.

Njia ya kwanza ni bomba tupu lililoshuka kutoka ubavuni mwa injini mpaka chini ya gari, ncha yake imekatwa mshazari. Gari likienda, upepo unaopita chini huvuta moshi. Hewa safi huingia kwa kifuniko cha oili chenye waya wa kuchuja. Njia hii ilitumika sana mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ubaya wake ni kwamba gari likisimama, au likienda polepole katika msongamano wa Jogoo Road, hakuna mvuto. Moshi wabaki tumboni, au watoka polepole na kuingia miguuni mwa dereva.

Sasa tazameni injini ya Morris Minor na ndugu zake wa jamii ile ya Austin. Nyuma ya kranki hamna sili ya mpira kabisa. Pana mifereji iliyochongwa mfano wa nyuzi za bolti, ambayo hurudisha oili ndani kranki inapozunguka. Kazi hiyo hufanyika vizuri ikiwa nguvu ya tumboni ni ndogo. Moshi ukizidi, mifereji hiyo haiwezi kushindana nao, na oili yatoka kuingia penye klachi. Waliounda gari walijua kwamba matone machache yatapita, ndiyo maana waliacha tundu lenye pini chini ya nyumba ya klachi, oili itoke isikae. Basi meneja akiandika katika kadi ya gari la namna hiyo, "Badili sili ya nyuma," ameagiza kitu ambacho hakikuwekwa kiwandani. Je, fundi akatwe mshahara kwa sili isiyokuwako?

Land Rover ya Series yapumua kwa kofia ya kutilia oili iliyo ubavuni, yenye waya ndani. Waya ule wapaswa kuoshwa kwa petroli au mafuta ya taa, ukaushwe, utiwe oili kidogo, urudishwe. Katika nchi yenye vumbi kama yetu, waya usiooshwa mwaka mzima hugeuka udongo mtupu. Wengine wakiona waya umeoza huutoa wakaurudisha mfuniko peke yake. Hapo gari lapumua, ni kweli, lakini lavuta vumbi la barabara ya murram moja kwa moja mpaka kwenye beringi na ringi. Ringi zikiliwa na vumbi, moshi wa tumboni waongezeka, na ugonjwa uliotaka kuponywa umekuwa mkubwa zaidi.

Njia ya pili ni kuurudisha moshi ndani ya injini uunguzwe tena. Huko Marekani, katika miaka ya 1950, watu walikuwa wakitafuta sababu ya ukungu mchafu wa Los Angeles. Iligunduliwa kwamba kwa gari lisilo na kizuizi chochote, karibu sehemu moja katika tano ya mvuke wa petroli iliotupa hewani ilitoka tumboni mwa injini wala si katika ekzosi. Basi magari mapya yaliyouzwa California kwa mwaka 1961 yalifungwa valvu ndogo inayotoa moshi tumboni na kuupeleka katika manifoldi, na kwa mwaka 1963 magari mapya ya Marekani yote yakafuata. Waingereza nao hawakukawia. MGB ilitoka mwaka 1962 ikiwa na njia ya kale, na mwaka 1964 ikapewa valvu ya Smiths juu ya manifoldi. Ndani ya valvu hiyo mna mpira mwembamba na springi. Injini ikiwa polepole, mvuto wa manifoldi ni mkubwa, na valvu yajibana ipitishe kidogo. Mguu ukikanyaga, mvuto wapungua na valvu yafunguka, ndipo moshi nao ulipo mwingi. Mpira ukipasuka, injini yanyonya oili na hewa ovyo, yatoa moshi wa buluu, na haitulii ikiwa polepole. Hapo wengi husema ringi zimekufa, kumbe ni kipande cha mpira.

Wenzetu waliofanya kazi katika vinu vya posho vinavyoendeshwa na injini za Lister wanaijua habari hii bila kufundishwa. Injini ile ya silinda moja ina kipepeo chembamba kwenye pumzi yake, kinachoruhusu hewa kutoka na kukataa isirudi, hata tumbo likabaki na mvuto kidogo. Kipepeo kikivunjika au kikishikwa na uchafu, oili yaanza kutoka kila upande. Mwendesha kinu mwenye akili hafungui injini. Asafisha kipepeo, na kazi imekwisha.

AMRI MBAYA ZINAZOTOLEWA

Hatuwalaumu mafundi peke yao. Amri nyingine zatoka juu. Nairobi kuna mashindano ya Concours d'Elegance tangu mwaka 1970, ambamo magari hukaguliwa usafi mpaka ndani ya boneti na chini ya tumbo. Tangu mwaka 2003 kuna tena East African Safari Classic Rally kwa magari ya zamani. Haya ni mambo mema. Yanaleta kazi, na fundi anayejua kabureta bado apata heshima. Lakini mwenye gari anayetaka kushinda kwa usafi huona tone moja chini ya bomba la pumzi akasema, "Ziba hilo." Na meneja asiyetaka kumpoteza mteja ajibu, "Ndiyo, bwana," kisha ageuka kwa fundi.

Hizi hapa ni amri ambazo fundi ana haki ya kuuliza juu yake kabla hajashika spana:

1. Kuziba bomba la pumzi kwa kizibo au bolti. Hii ni kuihukumu injini. Sili na gasketi zitafuata moja baada ya moja, na huenda kijiti cha kupimia oili kikarushwa nje na oili kumwagika juu ya ekzosi iliyo moto.

2. Kupaka gundi ya silikoni nyingi kila mahali. Silikoni inayobonyea ndani hukatika vipande, vikashuka mpaka kwenye chujio la pampu ya oili. Mvujo wa shilingi mia wageuka kuwa injini iliyokwama.

3. Kuunganisha mpira kutoka tumboni mpaka manifoldi bila valvu. Mvuto unazidi, petroli na hewa havilingani tena, injini yanywa oili yake, na vumbi lavutwa kwa sili zote.

4. Kubadilisha kofia ya kutilia oili bila kutazama. Kofia nyingine imefanywa ipitishe hewa kidogo iliyochujwa, nyingine imefungwa kabisa. Zafanana kwa macho lakini hazifanani kwa kazi.

5. Kutupa waya wa kuzuia moto ulio ndani ya bomba la pumzi. Kabureta ikipiga nyuma, waya ule ndio unaozuia mwali usiingie tumboni.

6. Kutia oili nzito kupita kiasi ili mvujo ufichike mpaka gari litoke langoni. Hii si matengenezo. Huu ni udanganyifu, na jina litakaloharibika si la meneja, ni la fundi.

Kuhusu kopo la kukusanyia oili, ambalo vijana wanalipenda, hatulikatazi. Kopo zuri lina vizuizi au waya ndani wa kutenga oili na moshi, lina mipira minene isiyojikunja, lina mahali pa kutolea moshi, nalo humwagwa kila mara. Lakini kopo lisilo na tundu la kutolea ni kizibo kilichopakwa rangi. Tena kopo likijaa kila wiki, jueni latoa habari juu ya ringi. Kulimwaga tu bila kutafuta sababu ni kama kumpa mgonjwa beseni na kumnyima daktari.

SI OILI TU, NI AFYA NA UHAI

Wako watakaosema kwamba tunapiga kelele kwa matone ya oili. Sivyo. Gari linapotengenezwa, huachwa linguruma ndani ya gereji, mlango umefungwa nusu kwa sababu ya mvua, na fundi ameinama kichwa juu ya injini. Bomba la ekzosi pengine limewekewa mpira wa kupeleka moshi nje, lakini bomba la pumzi laelekea usoni kwake. Moshi ule una kaboni monoksaidi na mvuke wa petroli. Maumivu ya kichwa ya jioni, ambayo wengi hudhani ni njaa au uchovu, huenda yametoka hapo.

Oili iliyotumika nayo si kitu cha kuoshea mikono. Hubeba masizi na kemikali zinazotokana na kuungua kwa petroli. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Ulimwenguni wameiweka oili ya madini isiyosafishwa vema katika daraja la kwanza la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu, hasa saratani ya ngozi. Fundi anayevaa ovaroli iliyolowa oili mapajani miaka ishirini anajihatarisha, na gereji isiyompa ovaroli safi na sabuni inamhatarisha. Injini inayotupa oili kila mahali kwa kukosa pumzi huongeza hatari hiyo kila siku.

Tena moshi wa tumboni unaweza kuwaka. Wenzetu wa injini kubwa za meli walijifunza kwa damu. Tarehe 11 Septemba 1947 meli Reina del Pacifico, iliyokuwa imetengenezwa upya huko Belfast, ilikuwa ikirudi kutoka safari ya kujaribiwa. Pistoni moja ilipata moto kupita kiasi, ukungu wa oili tumboni mwa injini ukawaka, na mlipuko ukaenea katika injini zake zote nne. Watu 28 walikufa, na wengi wao walikuwa wafanya kazi waliokuwa mle chumbani kwa kazi yao. Motokaa ni ndogo, haiwezi kuleta msiba wa namna ile. Lakini tabia ya ukungu wa oili ni ile ile, na moto wa motokaa waweza kumuunguza mtu uso na macho. Waya wa kuzuia mwali haukuwekwa kwa urembo.

KUPIMA NI KAZI YA NUSU SAA

Meneja atasema hana wakati. Twamjibu kwamba kuteremsha gia boksi mara mbili huchukua wakati mwingi kuliko kupima mara moja. Na vyombo vya kupimia si vya ghali.

Kwanza, injini ipashwe moto vizuri, kisha iachwe polepole. Fungueni kifuniko cha kutilia oili, mweke kipande cha karatasi juu ya tundu. Injini yenye valvu ya kuvuta ikiwa nzima, karatasi itavutwa chini kidogo. Injini ya bomba la kale itatoa pumzi nyepesi. Ikiwa karatasi yarushwa na moshi watoka kwa mapigo, kuna shauri.

Pili, toeni bomba la pumzi na waya wake, mpulize kwa mdomo baada ya kulisafisha. Mkishindwa kupuliza, injini nayo ilishindwa. Mara nyingi ugonjwa wote huishia hapa, kwa gharama ya mafuta ya taa kidogo.

Tatu, kwa injini yenye valvu ya Smiths, fungueni kifuniko chake mtazame mpira na sindano. Kwa zile valvu ndogo za chuma, itoeni na kuitikisa. Ile nzima hulia, ile iliyoganda hunyamaza.

Nne, chukueni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mfano wa ule wa fundi mwashi wa kupimia usawa. Upindeni kama herufi U juu ya ubao, mtie maji nusu, na ncha moja muiunge kwa tundu la kijiti cha oili. Kifuniko cha oili kirudishwe. Someni tofauti ya maji injini ikiwa polepole, kisha ikiwa mbio. Andikeni sentimeta. Kila aina ya injini ina hesabu yake, lakini gereji ikiandika kwa miezi sita itajua ipi ni nzima na ipi ni mgonjwa. Sentimeta moja au mbili si neno. Zikipanda kuelekea kumi, msiguse sili kabla hamjajua sababu.

Tano, ikiwa njia zote ni safi na maji bado yapanda, ndipo mpime silinda. Geji ikisoma chini, tieni kijiko cha oili katika tundu la plagi mpime tena. Kipimo kikipanda sana, ringi au silinda zimechakaa. Kikikaa pale pale, tazameni valvu na gasketi ya kichwa. Lakini kumbukeni mahali mlipo. Nairobi iko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,700, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika tano. Injini inayosoma ratili 150 Mombasa huenda ikasoma kama 120 huku. Fundi anayefuata kitabu cha Uingereza bila kufikiri atahukumu injini nzima kuwa maiti. La maana zaidi ni kulinganisha silinda kwa silinda.

Kipimo kikishaandikwa, mwenye gari aambiwe ukweli: "Bwana, pumzi ilikuwa imeziba, tumeisafisha," au, "Mama, ringi zimechakaa, tukitia sili leo zitavuja kesho. Shauri ni lako." Mwenye gari mwenye akili hapendi kudanganywa. Na akichagua kutofungua injini, achague akijua, na sahihi yake iwe katika kadi.

WANAOSEMA "MAGARI YA ZAMANI HUVUJA TU"

Kuna wazee wa kazi, watu tunaowaheshimu, wanaosema kwamba magari haya yalivuja yakiwa mapya na yataendelea kuvuja. Wana sehemu ya ukweli. Tumekwisha kusema kwamba Morris Minor iliachiwa tundu la matone. Lakini tone moja usiku na bakuli zima kwa safari ya Nakuru si kitu kimoja. Neno "huvuja tu" limekuwa mto wa kulalia. Meneja alitumia kumtuliza mteja, na siku mteja akikataa kutulia, neno lile lile halimwokoi fundi. Kipimo humwokoa.

SHERIA NA CHAMA

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, fungu la 19, yataja ni makato gani tajiri anaweza kufanya katika mshahara. Kuhusu mali iliyoharibika au kupotea, yaruhusu kiasi cha haki tu, na ni pale ambapo hasara imeletwa na kosa la kusudi la mfanya kazi. Neno ni kusudi. Gasketi iliyosukumwa na moshi wa ringi zilizochakaa kabla fundi hajaliona gari hilo, haikuvuja kwa kusudi la fundi. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yamtaka mwenye kazi kulinda afya ya watu wake mahali pa kazi. Hewa wanayoivuta juu ya injini imo ndani ya neno hilo.

Kwa hiyo twapendekeza kwa kila tawi lenye mafundi wa magari: mjumbe wenu wa kazini akae na meneja, waongeze mistari mitatu katika kadi ya kazi ya kila gari linaloletwa kwa kuvuja oili. Mstari wa kwanza: pumzi ya injini imetazamwa, ni safi au imeziba. Wa pili: kipimo cha maji, polepole na mbio. Wa tatu: amri iliyotolewa baada ya kipimo, na jina la aliyeitoa. Mtu akiamuru bomba lizibwe, aliandike kwa mkono wake. Twaamini amri nyingi za namna hiyo zitakoma siku kalamu itakapotakiwa.

Nanyi mafundi mna wajibu wenu. Msikubali kupewa kadi isiyo na mistari hiyo mkanyamaza, kisha mkaja kulia chamani mwisho wa mwezi. Mfundisheni kijana aliye nanyi kuosha waya wa kofia kabla hamjamfundisha kupaka silikoni. Na gari likinguruma, mlango wa gereji ufunguliwe, hata kama mvua inanyesha.

Injini hizi zimeishi miaka hamsini na sitini kwa sababu waliozitengeneza waliziachia nafasi ya kuvuta pumzi. Hatuombi zaidi ya hilo kwa injini, wala kwa watu wanaozitengeneza. Jambo hili liletwe katika mkutano ujao wa tawi, na kila fundi aje na kadi zake mkononi.

Fundi wa Injini,
Nairobi